Elimu ya masafa visiwani: seva tunanunua, somo anasanifu nani?

#1 Mtepe (Unguja)

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Humu nimo miaka mingi, nasoma tu siandiki. Leo limenifika kooni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite salama.

Kazi yangu ni kutayarisha masomo ya watu wasiokuja darasani. Barua ya ajira ina cheo cha Kizungu ambacho nyumbani nimeshindwa kukieleza, mama huwaambia majirani kuwa mwanawe "yuko kwenye kompyuta za chuo". Kazini nako si bora: haipiti wiki sijapigiwa simu kuwa printa imekwama karatasi. Miye hujiita msanifu wa masomo. Msanifu wa majengo hashiki mwiko wala hapandi ngazi, lakini nyumba ikijengwa bila yeye utakuja kukuta mlango wa jikoni unafungukia chooni.

Wiki iliyopita nilikaa kwenye kikao cha mustakbali wa elimu ya masafa. Saa mbili na nusu nzima ni seva, kamera, ubao janja, na nani atakata utepe. Nikainua mkono, nikauliza: humu kwenye bajeti, saa za mtu wa kukaa na mwalimu wakalipanga somo ziko mstari wa ngapi? Mwenyekiti akasema hilo "litaingia kwenye uendeshaji". Waliozoea vikao wanajua kuwa uendeshaji ni sambusa na maji ya chupa.

Sasa kabla sijawasema wenzangu, nianze na aibu yangu mwenyewe.

Mwaka 2021 nilipewa kozi ya wahudumu wa afya, mada ni kutunza chanjo kwenye ubaridi. Nikafanya kama wanavyofanya wote. Nikaweka kamera nyuma ya darasa, mhadhiri akasomesha dakika 50, nikairusha kwenye mfumo. Megabiti 1 kwa sekunde kwa dakika 50 ni MB 375, hesabu nyepesi, wala sikuipiga. Baada ya wiki mbili mfumo unanionyesha watu wengi wameishia dakika ya sita. Nikaandika kwenye ripoti: "changamoto ya mtandao". Ripoti ikapokelewa vizuri, kila mtu akaridhika, maana mtandao hauna wa kumtetea.

Bahati nzuri nikawa na safari ya Pemba. Nimeshuka bandari ya Mkoani, nikapanda gari mpaka kaskazini, nikafika kituo kimoja cha afya nikamuomba muuguzi mmoja aniache nikae pembeni nimtazame anavyosoma. Ile video alikuwa nayo. Alishaipakua usiku, kwa bando la usiku. Kumbe mtandao haukuwa na kosa.

Akaifungua. Maandishi ya slaidi kwenye simu yake yalikuwa madogo kama chenga za mchele. Akasikiliza. Dakika ya kwanza mhadhiri anaushukuru uongozi. Ya tatu anaeleza chanjo ni nini, anamweleza mtu anayechanja watoto tangu Jumatatu hadi Ijumaa. Dakika ya sita mama mmoja akaingia na mtoto ana homa, muuguzi akaigeuza simu kifudifudi mezani, akenda kumhudumia. Aliporudi hakuigusa tena.

Nikamuuliza: wewe katika somo hili ulikuwa unataka kujua nini hasa? Akanijibu bila kufikiri: "Juzi umeme ulikatika usiku. Asubuhi nimekuta friji inasoma nyuzi 11. Nizitupe au nisizitupe?"

Jibu lake lilikuwemo. Dakika ya 38.

Nilirudi Unguja nikalivunja somo lote. Sasa linaanza hivi, kwa sauti tupu: "Umefungua kituo asubuhi. Friji inasoma nyuzi 11. Unafanya nini kwanza?" Kisha kimya kidogo. Kisha sauti inasema: usizitupe bado. Zihamishe kwenye kisanduku baridi au friji nyingine zirudi kati ya nyuzi 2 na 8, zitenge na uziandike zisitumike, piga simu wilayani, halafu tazama kialama cha joto cha kila kichupa. Ule mraba mdogo ndani ya duara ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo bado nzima. Ukifanana na duara au ukizidi weusi, hiyo ya kutupwa. Sauti yote ni dakika 10. Kwa kilobiti 16 kwa sekunde inakuwa MB 1.2, inapita WhatsApp kama salamu za Idi. Juu yake nimetia picha moja ya kialama kile katika hatua zake nne, basi.

Mhadhiri ni yule yule na elimu ni ile ile. Kilichoongezeka ni mtu mmoja kwenda kukaa na msomaji kabla somo halijatengenezwa.

Na hili si jambo la kizungu tu la kuletewa. Waliokuwa watoto au walimu hapa miaka ya 2000 watakumbuka vipindi vya redio vya Tucheze Tujifunze. Redio inauliza, inanyamaza sekunde chache, watoto wanajibu kwa sauti, kisha redio inasema jibu. Ule ukimya haukuwa bahati mbaya wala mitambo kukatika. Kuna mtu alikaa akaupima. Njia hiyo ilianzia Nicaragua miaka ya 1970 kwenye hesabu, ikapita Kenya kwenye Kiingereza miaka ya 1980, na kwetu ikafika mpaka vijiji visivyokuwa na skuli ya maandalizi. Mtu aliyepanga ukimya ule alikuwa msanifu wa masomo hata kama hakuna aliyemwita hivyo.

Swali langu kwenu: miaka kumi ijayo, hapa Unguja na Pemba, masomo haya yataendeshwa na nani? Kuna walimu humu, kuna wanafunzi, kuna mafundi. Nataka kusikia.

#2 Popobawa Mstaarabu

Nimekaa pale kwenye sambusa na maji ya chupa.

#3 Mgogo Halisi (Dodoma)

Mkuu uzi mzuri. Hiyo kazi mshahara wake ukoje? Naulizia mdogo wangu, kamaliza ualimu yupo tu nyumbani.

#4 FundiSeva (Unguja)

Mtepe umesema kweli, lakini umetukanyaga sisi wa waya. Usiufanye mtandao kama kisingizio cha wavivu.

Miye nimekaa Pemba kabla ya 2010. Umeme ulikuwa wa majenereta ya dizeli pale Wesha, unazima unapotaka. Waya wa baharini ulipotoka Tanga ndio watu wakapumua. Na sie wa Unguja tusijione, 2008 tulikaa gizani karibu mwezi mzima, kisha Disemba 2009 mpaka Machi 2010 miezi mitatu. Ungekuja na sauti yako ya MB 1.2 wakati ule, ungeisanifu kwa koroboi.

Seva ni lazima. Hoja yangu ni seva ipi. Leo kompyuta ndogo ya kiganjani unaiweka kwenye kituo cha walimu, unaitia programu ya bure kama Kolibri, walimu wanakuja na simu zao wanapakua masomo bila hata senti ya bando. Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni, nayo ina programu ya simu inayomruhusu mtu kupakua somo akalisoma nje ya mtandao. Hivi vitu vipo. Tatizo tunanunua vikubwa vya kupigia picha.

#5 Maalim Mstaafu (Unguja)

Vijana, nyote mnazungumza kama kwamba kusoma kwa mbali kumeanza na simu.

Marehemu baba yangu alikuwa karani. Miaka ya 1950 alisoma utunzaji wa hesabu kwa posta, kozi inatoka Uingereza. Bahasha inakuja na somo, anakaa barazani na taa anafanya mazoezi, anayatia posta, na wiki kadhaa baadaye yanarudi. Karatasi moja ninayo mpaka leo. Swali la nne amekosea, kuna mstari wa wino mwekundu na maneno machache: mali umeiandika upande wa deni, rudia swali hili kabla hujaendelea. Mwalimu mwenyewe hawakuonana maisha yao, lakini baba alikuwa akimtaja kama jirani.

Waingereza wenyewe walianza zamani. Stampu ya peni moja ilipoanza 1840, Isaac Pitman akaanza kufundisha hati mkato kwa kadi za posta, anakutumia zoezi, unamrudishia, anasahihisha. Chuo Kikuu cha London kikawafungulia mitihani watu wasiokaa kwake tangu 1858. Na Chuo Kikuu Huria chetu cha Tanzania kimeundwa kwa sheria ya 1992, kimeanza kazi 1993. Kwa hivyo mustakbali mnaoutafuta una miaka karibu 200.

Na tukirudi nyumbani: chuoni, kwenye chuo cha Kurani, tulisomaje? Mwalimu mmoja, watoto arubaini, kila mtoto yuko ukurasa wake. Asubuhi unasoma mstari wa jana mbele ya mwalimu. Ukiteleza, hupewa wa leo. Ukivuka, unapewa na unaambiwa umsomeshe mdogo wako aliye nyuma. Hapana anayevushwa kwa kuwa wiki imekwisha. Nyie kwenye mitandao yenu Jumapili usiku somo la pili linafunguka lenyewe, mtu kaelewa hajaelewa.

Wino mwekundu ndio unaokosekana. Mengine ni mapambo.

#6 Mtepe

Maalim, shikamoo. Hilo la chuoni ningelijua mapema ningeliokoa kurasa kumi za pendekezo langu. Benjamin Bloom, mtaalamu wa elimu wa Kimarekani, aliliandika jambo hilo hilo 1968: asivushwe mtu kabla hajaimudu hatua aliyopo. Nilimsoma kwa taabu kwa Kiingereza, kumbe nilishamfanyia mazoezi nikiwa na miaka sita na juzuu mkononi.

FundiSeva, nimekubali kosa. Kompyuta ndogo ya kituo cha walimu nimeshaipigia debe. Naona tunavutana kamba upande mmoja.

Mgogo, mshahara ni wa mtu wa printa.

#7 KarafuuMbichi (Pemba)

Mie ni katika hao mnaowazungumza, basi nami niseme.

Kozi za mtandao nimeanza tatu, nimemaliza moja. Mbili nilizoacha wameniandika "mwanafunzi asiyeshiriki". Hapana aliyeniuliza kwa nini.

Ya kwanza niliikosa kwa saa. Waliandika kazi iwasilishwe Jumatano "kabla ya saa 12:00". Ukurasa wa Kiswahili, maandishi ya Kiswahili. Mie na akili zangu nikajua saa kumi na mbili jioni, kabla ya magharibi. Nimemaliza kazi, nimekwenda na simu mpaka kwenye kilima chetu tunapopata mtandao, saa kumi alasiri. Mlango umefungwa. Wenyewe walikusudia saa sita ya mchana, saa ya kizungu. Nimepiga simu, naambiwa mfumo haubadilishiki.

Muhula uliofuata wakajirekebisha, wakaandika "mwisho usiku wa Ijumaa". Sasa kwetu usiku wa Ijumaa ni upi? Ni huu wa kuamkia Ijumaa, Alhamisi ikishatua magharibi. Kuna wenzangu walikesha Alhamisi kwa ajili ya kazi ambayo ilikuwa na siku nzima ya mbele, na wako waliosahau kabisa.

Ya pili niliiacha kwa karafuu. Kozi ilianza Septemba, na mwaka ule karafuu zilikuja nyingi. Mchana watu wako mikarafuuni, usiku nyumba nzima tumekaa mkekani tunachambua, vikonyo huku karafuu huku, mikono imejaa utomvu, nani atashika kioo cha simu? Wiki tano. Nikarudi nimekuta nimeshatolewa. Na karafuu haina tarehe ya kuahirishwa, ikichanua mtini imekwisha bei.

Ile niliyoimaliza ilikuwa na dada mmoja kila Jumanne ananipigia simu dakika tano tu: umefika wapi, umekwama wapi. Namkumbuka yeye kuliko masomo.

#8 Popobawa Mstaarabu

Saa 12:00 imeniua 😂😂 Mitandao yote na akili bandia zake, imeshindwa na saa ya Waswahili.

#9 MhadhiriJioni (Unguja)

Nimesoma mwanzo mpaka hapa na nina machungu, nisemeni kama nimekosea.

Huyo mhadhiri wa dakika 50 anayechekwa hapa huenda ni mimi, au ni mwenzangu wa chumba cha pili. Nimesomesha miaka 22. Siku moja anakuja kijana, kashika fomu, ananiuliza: "Maalim, mwanafunzi akimaliza somo hili ataweza kufanya nini ambacho jana hakuweza?" Nikamjibu, ataelewa. Akaniuliza, na kuelewa kwake tutakuonaje? Nilitaka kumtoa nje. Nilikaa na swali lake siku tatu, na kwa kweli lilinisaidia, lakini mtu yeyote asiniambie kuwa halikuniudhi.

Sasa haya yangu. Kwanza, muda. Kipindi cha kawaida natayarisha usiku mmoja. Hicho hicho kukigeuza cha mtandao, kuandika maswali, majibu ya kila kosa, kurekodi, kurudia, kinakula wiki. Na mzigo wangu wa darasani haukupunguzwa hata kipindi kimoja. Pili, mali ya nani? Nikisharekodi masomo yote 30, chuo kinanihitaji kwa lipi? Kesho nimestaafu au nimehama, sauti yangu inaendelea kusomesha na watoto wangu hawaoni senti. Hapana mkataba wowote nilioonyeshwa unaotaja hilo.

Tatu, skuli na vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa korona, tuliambiwa tuhamie mtandaoni kwa barua ya ukurasa mmoja. Tulichofanya kilikuwa ni uokozi. Mtu akitapatapa baharini asipigiwe mfano wa kuogelea. Lakini mpaka leo watu wanaihukumu elimu ya masafa kwa miezi ile, na wakubwa nao wakaona kumbe inawezekana bila gharama.

#10 Mtepe

Maalim, hujakosea hata moja, na la pili ndilo linalonitisha zaidi. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilianzishwa 1969, wanafunzi wa mwanzo wakaanza 1971. Jambo walilolifanya kwa makusudi ni kutomwachia mhadhiri mmoja kozi nzima. Kozi iliandikwa na timu: wahadhiri kadhaa, watayarishaji wa vipindi wa BBC, wahariri, na mtaalamu wa namna watu wanavyojifunza. Walikuwa wanasomana, wanakatana maneno, wanagombana. Kazi ikitoka haikuwa ya mtu mmoja, na gharama yake ilijulikana kuwa ni kubwa tangu siku ya kwanza.

Kwetu sie tumechukua jina "huria" na "masafa", timu tumeiacha bandarini. Mhadhiri anatakiwa awe mwandishi, mtangazaji, fundi sauti na msahihishaji, kisha anaitwa mgumu wa mabadiliko.

Kuhusu mkataba, ushauri wangu nautoa hadharani: asirekodi mtu kabla hakujaandikwa nani mwenye mali, kwa miaka mingapi, na nani atalirekebisha somo likichakaa. Nimeliona somo moja (sitaji wapi) bado linaonyesha fomu zilizobadilishwa zamani, kwa kuwa aliyelirekodi amehama na hapana mwenye ruhusa ya kuligusa.

KarafuuMbichi, dada yangu, hili la saa nimelikopi kama lilivyo. Leo asubuhi nimepitia kozi zetu zote. Nimekuta "12:00" mahali kumi na moja. Sasa tunaandika "Jumatano saa 6 mchana" kwa maneno, na usiku tunataja tarehe mbili, unaoanza na unaoishia.

#11 Mgogo Halisi (Dodoma)

Jamani, mnahangaika na kazi inayokufa. Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022 mtu anaandika "nitengenezee kozi ya wiki nane" na inatoka na maswali na majibu, dakika mbili. Msanifu wa nini tena? Mdogo wangu nimeshamwambia aende kwenye ufugaji.

#12 Mtepe

Mgogo, miye ninaitumia kila siku, sina ugomvi nayo. Inanipa rasimu ya maswali ishirini, naondoka na sita. Lakini sikiliza nililokutana nalo mwezi uliopita.

Nimeiambia initungie kisa cha mhudumu wa afya Pemba kwa ajili ya zoezi. Kikaja kisa kizuri, kimenyooka, Kiswahili hakina kosa la sarufi. Mgonjwa wa mhudumu huyo "anaendesha gari lake kuja kituoni kwa miadi ya saa tatu". Kituo nilichokuwa nakiandikia kinahudumia watu wa Kojani. Kojani ni kisiwa, mgonjwa anavuka kwa mashua na anakuja maji yakijaa. Miadi yake inapangwa na mwezi angani. Mhudumu wangu akikisoma kisa kile atajua kwenye mstari wa kwanza kuwa aliyekiandika hamjui, na akishajua hivyo hatayasikiliza ya friji wala ya vichupa.

Ningeweza kuiambia habari za Kojani, ndio. Lakini ili niiambie lazima kwanza niwe nimekwenda.

#13 FundiSeva

Na mtu asiyekwenda atakuwa na kozi nane kwa wiki, zote za watu wenye magari.

#14 MhadhiriJioni

Nakuongezea. Mwaka jana nimepokea kazi za wanafunzi 40, thelathini na kitu zimeandikwa na mashine, nyingine zimeachwa hata na ile sentensi ya "haya ndiyo majibu yako". Nikatoa swali jipya: nenda sokoni, nunua kitu kimoja, andika mulivyopatana bei neno kwa neno, kisha eleza kwa nini muuzaji alikubali. Somo ni uchumi. Zilikuja kazi mbovu mbovu za kupendeza, kila moja na muuzaji wake. Kijana wa fomu ndiye aliyenisaidia kulitunga swali lile. Ndio, yule yule niliyetaka kumtoa nje.

#15 Maalim Mstaafu

Na hizo kazi 40 ulizirudisha na wino mwekundu?

#16 MhadhiriJioni

Maalim, ishirini. Nyingine bado ziko mezani. Ndiyo maana nikasema muda.

#17 KarafuuMbichi (Pemba)

Kaka Mtepe, hiyo sauti ya friji unaweza kuitia hapa? Kituo chetu kina friji hiyo hiyo na umeme huo huo.

#18 Mtepe

Nimeitia, dada. Isikilize ukipata nafasi uniambie ukweli, usinionee haya.

#19 Popobawa Mstaarabu

Nimeisikiliza nikiwa kwenye daladala, sina hata friji ya nyumbani, na nimejibu kwa sauti. Abiria wamenihama.

#20 KarafuuMbichi (Pemba)

Nimeisikiliza jana usiku mara mbili, tukiwa mkekani. Simu nimeiweka juu ya kibao, mikono kwenye karafuu. Mama mkwe wangu hajui kusoma, naye alikuwa anajibu, na moja kanishinda: alisema "usitupe mpaka uulize" kabla ya sauti kusema. Picha ya vialama nimeibandika mlangoni mwa friji leo.

Lakini ukimya wako mfupi. Unauliza, unanyamaza, mie bado nautoa mkono kwenye kikonyo, jibu limeshatoka. Umepima kwa mtu aliyekaa kwenye kiti.

#21 Mtepe

Nimepima kwa sekunde nne, kweli, na nimekaa kwenye kiti. Nikitia nane?

#22 KarafuuMbichi (Pemba)

Tia kumi. Na pale mwanzo usitusalimie mara mbili.